Treni yangu imekaa kama SGR: wenye picha za reli ya Tanga jitokezeni

Mhariri, salaam na pole na kazi.

Mimi ni fundi redio na TV hapa Ngamiani, Tanga, umri arobaini na ushee, nina mke na watoto watatu, na jioni nikishafunga kibanda huwa natengeneza treni za vitofali vya plastiki, vile vya LEGO vinavyobanana kimoja juu ya kingine. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke hapa hapa mwanzoni tuendelee. Mke wangu mwenyewe alicheka miaka miwili, siku hizi akipita Mgandini kwenye midoli ya mtumba akiona kitu chenye magurudumu ananiletea bila kuambiwa.

Shida iliyonifanya niandike ni hii. Mwezi uliopita nilimaliza kichwa na mabehewa matatu, nikatandika reli sebuleni, nikamwita mzee jirani yetu ambaye alifanya kazi relwe tangu kijana mpaka anastaafu. Nilitaka aione treni ya Tanga. Shikamoo mzee, marahaba, karibu kiti, akavaa miwani, akainama mpaka pua inakaribia kugusa behewa, afu akaniambia, "Mwanangu, umetengeneza vizuri sana, lakini hii SGR." Yani ile reli mpya pana ya treni ya umeme.

Nikamwambia mzee rangi zote hizi si ulinitajia wewe? Akasema rangi haina neno, tazama miguu. Treni yetu imesimama mguu sawa, hii yako ipo mguu pande.

Nilinuna, siwezi kudanganya. Ila alipoondoka nikachukua rula na karatasi nikakaa mpaka saa saba usiku, na mzee alikuwa sahihi, tena sahihi kuliko hata alivyodhani mwenyewe. Reli za LEGO kati ya chuma na chuma (chuma nasema tu, ni plastiki) zina nafasi ya milimita 37 na nusu hivi. Reli yetu ya Tanga ni ya mita moja kamili, milimita 1000. SGR ni milimita 1435. Sasa mabehewa ya hivi vitofali kawaida yanajengwa kwa upana wa vinundu sita, vile vya juu ya kitofali vinavyobania kingine, na kutoka nundu mpaka nundu ni milimita 8, kwa hiyo behewa lina milimita 48. Behewa la ukweli lenye upana wa mita mbili na point saba ukilifinya likawa milimita 48 maana yake umeligawa mara 56, na ukiigawa mita moja mara 56 hiyo hiyo unapata reli ya milimita 18 hivi. Mi nilikuwa nimeweka 37 na nusu! Yani reli pana mara mbili ya inavyotakiwa, ndo maana treni yangu ilikuwa imetanua miguu. Hata SGR yenyewe ukitaka ikae sawa juu ya reli hizo inabidi behewa liwe la vinundu tisa au kumi, na reli yetu ya mita moja ingetaka vinundu karibu kumi na tatu, hilo sio behewa tena ni kabati la vyombo.

Wenzetu wa Denmark siwalaumu, walikuwa wanawatengenezea watoto wao treni za kwao. Kampuni yao ilianza 1932 na midoli ya mbao, kitofali hiki tunachokijua kikaja 1958, treni zikafuata 1966, na mpaka leo kitofali cha 1958 kinabana na cha mwaka huu bila kulegea, mimi kama fundi hilo nalivulia kofia maana kwenye TV hata rimoti ya mwaka juzi haisomi. Lakini kwenye miaka yote hiyo hakuna boksi hata moja lililowahi kuja na picha ya treni ya Tanga juu. Ukiitaka unaitengeneza mwenyewe.

Na kwa nini niitake? Kwa sababu watoto wangu hawaijui. Reli ya kwanza Tanzania bara ilianzia hapa, Wajerumani walianza kuchimba 1893, Mombasa wakaanza 1896, na reli ya kati kule Dar ikasubiri mpaka 1905. Ya kwetu ikafika Korogwe 1902, Moshi 1911, Arusha 1929 Wajerumani walishaondoka zamani. Baadae 1963 wakaunganisha kutoka Ruvu mpaka Mnyusi ili ya kwetu ikutane na ya kati, na kipande hicho kizuri tu ndicho kilichotuponza, maana treni ya abiria ya Dar na Moshi ilivyorudi Desemba 2019 ilipitia huko huko, inatokea Mnyusi inapandisha Korogwe, Tanga mjini tunaisikia redioni. Mwanangu wa mwisho ukimwambia achore treni anachora ile ya umeme yenye pua ndefu ya Dar na Dodoma, ameiona kwenye TV. Sio mbaya, nzuri sana ile. Lakini stesheni yetu ipo dakika chache kwa baskeli kutoka nyumbani.

Basi nikavunja. Nilivunja mabehewa yote matatu usiku ule ule, mke wangu akaamka akanikuta nimekaa sakafuni na rundo la vitofali, akauliza kuna nini, nikamwambia mguu pande, akarudi kulala.

Nilichofanya ni hivi, na nakiandika kirefu kwa sababu huenda kuna mwingine huko Muheza au Handeni ana ugonjwa huu huu. Reli za kiwandani nimeziweka pembeni. Nimechukua vitofali bapa, vile vyembamba ambavyo vitatu vikipandana vinakuwa kimo cha kitofali kimoja, nikavipanga kama mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, juu yake nikaweka vibapa laini visivyo na vinundu kuwa ndo reli, nikaacha nafasi ya nundu tatu katikati. Nundu tatu ni milimita 24. Mita moja ukiigawa kwa 24 unapata kama 42, kwa hiyo treni yangu sasa ni moja kwa 42, na behewa la mita mbili na point saba linadondokea milimita 64, ambayo ni vinundu nane kamili, haizidi haipungui. Nilivyopata hiyo nane nilipiga meza. Kuna hesabu zinakuja zenyewe kama zilikuwa zinakusubiri. (Kwa kipimo hicho hicho Tanga mpaka Moshi, kilomita 350 na ushee, itakuwa zaidi ya kilomita nane za vitofali, lakini hiyo nimemwachia Mungu.)

Magurudumu ndo kazi. Ya LEGO yamefungwa kwenye ekseli kwa ule upana wao, huyabani. Wenye imani kali ya mchezo huu hawakati kitofali, hawatii gundi, hawapaki rangi, ni haramu kabisa kwao, mi nimekata, nimetia gundi, na rangi nimepaka. Nimechukua vigurudumu vya vigari vibovu vya watoto nikavipitisha spoku ya baskeli, na Tanga spoku za baskeli ndo kitu ambacho hutakosa hata usiku wa manane. Mota nayo ile ya treni za LEGO haiingii reli nyembamba, nimefungua deki mbovu ya DVD nikatoa ile mota ndogo ya kusukuma trei, nikaweka na mpira wake. Umeme natumia betri mbili za laptop iliyokufa, zile za duara, nimeziunganisha kwa mfuatano zinatoa volti saba na kidogo, na kwa mota ya deki hizo ni nyingi, kwa hiyo nimeweka kitu cha kupunguza, la sivyo treni inaruka mataruma. Zamani, kuanzia 1991, treni za LEGO zilikuwa za volti tisa zinachukua umeme kwenye reli yenyewe yenye bati juu, baadae wakaziacha, na tangu 2018 zinaendeshwa kwa simu. Ya kwangu inaendeshwa kwa swichi ya taa ya kitandani.

Vitofali vyeupe vya mtumba vikija vimeshakuwa njano kwa jua. Hivyo naviloweka kwenye ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, navianika juani siku nzima kwenye chupa, vinarudi karibu vyeupe. Dada wa duka la dawa siku ya tatu nafuata chupa akaniuliza kwa upole kama kidonda hakijapona, ikabidi nimweleze, nadhani angefurahi zaidi kama ningekuwa na kidonda.

Sasa ombi langu. Mzee alirudi, safari hii alikaa saa nzima. Miguu ameikubali. Lakini akaanza kutaja vitu ambavyo mi sivijui na yeye mwenyewe anavikumbuka nusu nusu. Mlango wa behewa la daraja la tatu ulikuwa mwisho kabisa au ulikuwa umeingia ndani kidogo? Paa lilikuwa la mviringo mpaka mwisho au lilishuka kwenye kona? Behewa la gadi lilikuwa na kibaraza upande mmoja au pande zote? Ngazi za kupandia zilikuwa ngapi, maana stesheni ndogo hazikuwa na jukwaa, watu walikuwa wanapanda kutoka chini kwenye kokoto na mizigo kichwani. Rangi ndo usiseme, yeye ana zake, na rafiki yake aliyekuwa naye relwe ana zake, juzi walibishana barazani kwangu kahawa ikapoa.

Nimetafuta picha kwenye mtandao. Picha za vichwa vya treni zipo, wazungu wanapenda sana vichwa vya treni hasa vya moshi, wanapiga kwa mbele vinatoa moshi pande zote, picha nzuri za kalenda. Mi sitaki mbele. Nataka ubavu. Nataka behewa la kawaida la abiria limesimama, limepigwa kutoka pembeni, nihesabu madirisha. Picha hiyo hakuna aliyeona maana kuipiga, lakini naamini ipo, ipo kwenye albamu za nyumbani kwa bahati mbaya, wewe ulimsindikiza dada yako anaenda shule Moshi mkapiga picha stesheni, yeye yuko mbele na sanduku la bati, nyuma yake kuna behewa. Dada yako mniwie radhi simtaki, nalitaka behewa. Picha ya miaka ya sitini, sabini, themanini, yoyote, kabla na baada ya 1977 tulipogawana relwe na Kenya na Uganda, maana nasikia baada ya hapo ndo mambo ya rangi yalipovurugika.

Na nyie wahariri pia. Najua gazeti lina makabati ya picha za zamani, ajali, waziri anazindua kitu, kiongozi anapungia watu mkono dirishani. Kiongozi anapopunga mkono kuna dirisha. Naomba hilo dirisha. Mkitoa ukurasa mmoja tu wa picha za reli ya Tanga hata bila maelezo, wazee wenyewe watajaza maelezo, nawahakikishia simu zitawajaa. Lakini fanyeni haraka kidogo, mzee wangu miwani aliyonayo haimtoshi tena na rafiki yake mmoja tulimzika mwaka jana, huyo ndo alikuwa fundi wa mabehewa haswa, aliyejua kipimo cha kila ubao, na mi wakati ule nilikuwa bado nahangaika na vinundu sita.

Na wenye mashamba ya mkonge au waliokulia huko, kama kuna mtu ana picha ya vile viberenge na vitoroli vya kubebea majani ya mkonge kwenye reli zake ndogo, nazipokea pia, hiyo itakuwa kazi ya mwakani. Ile reli nyembamba ya Tengeni kwenda Sigi ya kushushia magogo hiyo hata siombi, aliyeiona nadhani hayupo.

Kwa sasa behewa la kwanza limesimama mezani bila ubavu, lina sakafu, magurudumu na paa, kwa sababu mzee anasema upande mmoja lilikuwa na madirisha tisa, bi mkubwa wake aliyekuwa akilipanda kila mwezi kwenda kwao Korogwe anasema yalikuwa nane na aliyahesabu sana maana safari ilikuwa ndefu, na mi vitofali vya dirisha vya aina moja ninavyo nane tu.

Fundi redio na treni,
Ngamiani, Tanga