Kwa mpwa wangu: anza na Mwandishi, usirukie Sextant

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Ombi lako la kutajiwa muziki wa ajabu, usiosikika redioni, nimelipata, nami nimeona nikujibu hadharani kwa kuwa wenzako kadhaa huniuliza jambo hilohilo. Sitakupa orodha ndefu. Nitakupa albamu tatu za bendi moja, ile ya mpiga piano Mmarekani Herbie Hancock, nawe uzisikilize kwa mfuatano wa kutolewa kwake: Mwandishi ya 1971, Crossings ya 1972 na Sextant ya 1973.

Usishangae kuona Kiswahili kwenye jalada. Miaka ile Wamarekani Weusi wengi walijitwalia majina ya lugha yetu, na James Mtume, mwanamuziki aliyefuata mafundisho ya Maulana Karenga, mwanaharakati wa Wamarekani Weusi, ndiye aliyewagawia wanabendi majina yao. Hancock akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, na mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson aliitwa Mganga, naye kweli alikuwa daktari aliyesomea udaktari chuoni. Julian Priester wa tromboni alipewa Pepo Mtoto, jina ambalo bibi yako angelisikia angeagiza ubani.

Mfuatano nauhimiza kwa sababu umeme unaingia katika muziki huu hatua kwa hatua, na sikio lako linahitaji kuingia nao. Katika Mwandishi, iliyorekodiwa San Francisco, umeme uko hasa kwenye piano ya Hancock na katika mwangwi unaozifanya sauti zirudi na kuyeyuka. Wimbo wa kwanza, Ostinato, ulitungwa kwa heshima ya mwanaharakati Mmarekani Mweusi Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa kizuizini akisubiri kesi. Mzunguko wake una mapigo 15, kwa hiyo mguu uliozoea kuhesabu nne utapotea mapema. Uache upotee, ushike besi, kwa maana besi hairudi nyuma wala haiharakishi, na kila kitu kingine kinaning'inia juu yake. Miongoni mwa wanaopiga ngoma humo ni kijana Leon Chancler, aliyejulikana kama Ndugu, ambaye miaka kadhaa baadaye alipiga ngoma za Billie Jean ya Michael Jackson. Bila shaka umeshamcheza bila kumjua.

Crossings ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Bendi ilirekodi kwanza, kisha Patrick Gleeson akaongeza sauti za sintesaiza ya Moog, yaani ala inayounda sauti kwa umeme, juu ya kile kilichokwisha kupigwa, na Hancock alivutiwa na kazi yake kiasi cha kumchukua awe mwanabendi kamili. Sleeping Giant inajaza upande mzima wa kwanza wa santuri, takriban dakika 25. Inaanza kwa ngoma za mkono, inatawanyika, inajikusanya kwa mdundo mzito, kisha inatawanyika tena. Ukiikata katikati utabaki na vipande visivyoelezana. Upande wa pili ni mgumu zaidi, na Water Torture, kwa maoni yangu, ingeweza kupunguzwa kidogo.

Kufikia Sextant, mashine si pambo tena. Rain Dance inafunguliwa na milio ya sintesaiza inayodondoka na kujirudia, na wapiga ala ndio wanaotafuta pa kupenya. Anayeanzia hapa husikia kelele tu. Anayefika kwa kupitia Crossings huwatambua watu walewale, isipokuwa sasa wamehamia ndani ya mtambo. Hornets, inayofunga albamu, inavuma na kuzomea kwa karibu dakika 20. Usiwapigie wageni.

Bendi ilivunjika mwaka huohuo wa 1973, kwani kundi kubwa lenye vyombo vingi ni gharama kulisafirisha na wanunuzi hawakuwa wengi. Hancock akabaki na Bennie Maupin peke yake, mpulizaji wa saksafoni na klarineti ya besi, wakatoa Head Hunters, ambayo ilinunuliwa sana na ambayo huenda umeshaisikia kwenye sherehe.

Jambo moja la vitendo: spika ya simu inameza besi yote ya Williams, na bila hiyo Ostinato haina sakafu. Tumia vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei nafuu. Ukizimaliza zote tatu na bado una hamu, tafuta Realization ya Henderson ya 1973, iliyo karibu nazo mno kwa sauti, halafu The Jewel in the Lotus ya Maupin ya 1974, iliyo tulivu kuliko zote nilizotaja. Love, Love ya Priester, ya mwaka huo pia, mpe dada yako aanze nayo: yeye ndiye mpenda kucheza, na upande wa kwanza wa albamu hiyo una mdundo wa kutosha kumshika kabla hajauliza ni muziki gani huu.

Mjomba wako