Mheshimiwa alisema ndiyo au la?

Kwa Mhariri,

Uchaguzi wa Agosti 2027 haujafika, lakini hapa Kisauni vipaza sauti vimeshaanza kutueleza ni nani atakayetulinda. Jioni moja majuzi, gari la mwanasiasa aliyewahi kukaa bungeni lilisimama karibu na baraza letu la kahawa, naye akaapa kwamba hakuna kijana wa Pwani atakayezuiliwa tena kinyume cha sheria. Mzee mmoja aliweka kikombe chini, akamuuliza alipiga kura gani Desemba 2014. Mheshimiwa alicheka, akasema hayo yamepita, na gari likaondoka.

Kwetu hayajapita. Tarehe 18 Desemba 2014 Bunge la Taifa lilipitisha Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama katikati ya vurugu, makaratasi yakirushwa ukumbini, na Rais akautia saini kesho yake. Hofu ilikuwa ya kweli, kwa maana damu ya mashambulizi ya kigaidi ya Westgate, Mpeketoni na Mandera ilikuwa haijakauka, wala sidai kwamba kila aliyeuunga mkono alikosea. Lakini tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria hiyo, kikiwamo kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000, na tangu hapo mimi sijakutana na mwanasiasa anayekiri kwamba aliviafiki.

Ukitaka kuwahakiki, Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, haikusaidii sana. Mara nyingi, baada ya kurasa na kurasa za hotuba, mjadala hufungwa kwa maneno machache tu, kwamba hoja imeulizwa na kukubaliwa. Spika huwataka wanaoafiki waseme ndiyo na wanaopinga waseme la, kisha sikio lake ndilo linaloamua upande ulioshinda. Sauti ya mbunge wangu imo humo, imeyeyuka kama chumvi majini.

Linganisha na Mswada wa Fedha, ule wa kodi. Tarehe 25 Juni 2024 kura zilihesabiwa, 195 wakauunga mkono na 106 wakaupinga, na majina yakasambaa kwenye simu zetu, hata wabunge wengine wakashindwa kutazamana na wapiga kura wao. Kesho yake Bunge hilohilo liliidhinisha wanajeshi wawasaidie polisi kukabiliana na maandamano ya kuupinga mswada huo, idhini ambayo Kifungu cha 241 cha Katiba kinaitaka kabla ya jeshi kutumwa kurejesha amani ndani ya nchi. Muulize jirani yako mbunge wake alisema nini siku hiyo. Kodi tuliifuatilia hadi jina la mwisho, ilhali bunduki hatukuziulizia.

Mbunge anaweza kubadili msimamo, na akitueleza sababu nitamsikiliza. Ninachoomba ni kwamba wabunge wetu sita wa Mombasa, kila mswada wa usalama unapofikia kura, wasimame kudai kura ya majina kama Kanuni za Bunge zinavyowaruhusu, na gazeti lako liyachapishe majina hayo, kisha liyachapishe tena wiki ya mwisho ya kampeni. Lile gari likirudi, Mheshimiwa atakuta kikombe chake cha kahawa tayari, na mzee wetu angali anangoja jibu.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa