Malalamiko: Pete ya Diski Isiyobana Sawa na Mashine Isiyowekwa Senta

Maabara ya Meno,
Ilala, Dar es Salaam.
9 Juni 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vifaa vya Maabara za Meno,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MASHINE YA KUCHONGA MENO NILIYONUNUA KWENU MWEZI FEBRUARI

Tarehe 26 Mei mlinijibu kwamba mashine yangu haina kasoro yoyote, na kwamba krauni (kofia za meno) zinazoharibika zinatokana na "matumizi yasiyo sahihi ya diski", yaani lile bamba la mviringo ambalo krauni huchongwa humo. Fundi wenu hakufika. Jibu lilitoka kwa mtu aliyeangalia picha mbili nilizotuma kwa simu. Jibu hilo silikubali, na safari hii kila ninachokisema nimekipima.

Naanza na krauni moja, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Ni ya gego la chini la mama mmoja ambaye daktari wake amenirudishia kazi mara mbili. Ukiishika kwenye mwanga unaona mstari umezunguka kiuno cha jino, pale sehemu iliyochongwa kutoka juu inapokutana na ile iliyochongwa kutoka chini. Ukipitisha ukucha, unakwama. Upande wa shavu ngazi imetokeza nje, upande wa ulimi imeingia ndani. Vumbi haliachi alama ya namna hiyo, wala mkono wa fundi. Ile ya kwanza niliisugua, nikaipaka gleizi, ule mpako wa kung'arisha, nikidhani nimeiokoa. Daktari alipoijaribu mdomoni ikacheza. Tulivyofundishwa sisi, mwanya kati ya ukingo wa krauni na jino usizidi mikroni 120, yaani mm 0.12, maana ukizidi hapo saruji inaanza kuliwa na uchafu unapata njia ya kuingia. Jino la mama huyo limekwisha kupunguzwa, haliwezi kurudishwa lilivyokuwa. Anatembea na krauni ya muda, na kila akiitwa kliniki anachomwa sindano ya ganzi upya. Kwenye barua yenu mmeliita jambo hili "usumbufu mdogo". Kwake si mdogo, na kwangu mimi niliyemwahidi daktari wake kazi safi si mdogo hata kidogo.

Mashine ina makosa mawili, na jibu lenu limeyachanganya.

Kosa la kwanza ni pete ya kubana diski. Diski zangu za zirkonia, ile kauri ya kutengenezea krauni, zina kipenyo cha mm 98.5, na ukingo wa mm 10 unaokalia pete, kipimo kinachotumiwa na mashine nyingi. Nimepima diski tano kwa vernia na zote ziko hapo. Kiti cha pete yenu kina mm 99.3. Maana yake diski ina karibu mm 0.8 za kusogea kabla skrubu hazijaishika. Kwa diski mpya hilo halina madhara makubwa, kwani popote ilipo mashine itachonga ndani ya zirkonia nzima. Tatizo linakuja kwa diski iliyokwisha kutumika. Hapa kwetu tunachonga zaidi rangi za meno za A2 na A3, siku nyingine A1, na kila rangi ina diski yake, kwa hiyo diski moja hutolewa na kurudishwa mara nyingi kabla haijaisha. Programu inakumbuka matundu ya jana, ila haijui kwamba leo diski imekaa pembeni. Inapanga krauni karibu na tundu la zamani, na ukuta mmoja unatoka mwembamba kama ganda la yai. Mbili zimetoka na tobo kabisa. Mlinielekeza niweke alama ya penseli kwenye diski na kwenye pete ili zilingane, nami naiweka kila mara. Alama hiyo inanisaidia nisiizungushe diski. Haiizuii kusogea kushoto au kulia.

Kibaya zaidi, kiti chenyewe hakiko bapa. Jirani yangu fundi magari aliniazima fila geji yake, yale majani membamba ya chuma wanayopimia nafasi za valvu. Nilisafisha kiti kwa brashi, nikapuliza kwa kompresa, nikafuta kwa kitambaa kikavu, maana najua punje ya vumbi la zirkonia chini ya ukingo inatosha kuinamisha diski. Nikakaza skrubu zote sita kidogo kidogo kwa kuvuka, ya huku kisha ya upande wa pili, kwa bisibisi ya torki mliyoileta wenyewe, hadi ikalia. Ndipo nikajaribu kupenyeza jani la mm 0.05 kati ya diski na kiti. Pande nyingine zote halikuingia. Kati ya skrubu ya tatu na ya nne likaingia bila kusukumwa. Nikalegeza, nikageuza diski nusu mzunguko, nikakaza upya kwa utaratibu uleule. Jani likaingia palepale, kati ya skrubu ya tatu na ya nne. Kasoro ingekuwa ya diski, ingehama pamoja na diski.

Nilipompigia mshauri wenu mwezi Aprili aliniambia nikaze zaidi. Nilikaza. Diski ya tabaka za rangi yenye unene wa mm 18, haijatoa hata krauni nne, ikapasuka ukingoni mbele ya macho yangu. Zirkonia ambayo haijachomwa tanurini ni laini kama chaki, na ukiibana juu ya kiti kisicho bapa haijipindi, inavunjika. Ushauri ule haukupaswa kutolewa na mtu yeyote anayeuza mashine hizi.

Kosa la pili ni senta, yaani mahali hasa ulipo mhimili unaogeuza diski, na hili halina uhusiano na namna ninavyobana diski. Mashine ilisafirishwa ndani ya kreti hadi hapa Ilala. Fundi wenu aliifungua, akaiwasha, akachonga krauni moja ya nta, tukapiga nayo picha, akaondoka kabla ya saa nane mchana. Senta ya mhimili huo hakuipima. Sasa, mashine hii hupindua diski ili ichonge juu na chini. Mhimili ukiwa nje ya mahali programu inapoamini upo, hata kwa mm 0.1 tu, umbo la juu linasogea huku na la chini linasogea kule, na ngazi inayobaki kwenye jino ni mara mbili ya kosa. Ndiyo ngazi niliyowaeleza pale juu.

Nimelithibitisha hili kwa diski ya PMMA, ambayo ni plastiki. Niliichagua kwa sababu haiingii tanurini na haisinyai, asije mtu akasema nimekosea kuchoma. Nilichonga mapipa madogo matano, nusu kutoka juu na nusu kutoka chini, mawili pembeni kushoto, mawili kulia na moja katikati. Yote matano yana ngazi ya takriban mm 0.18, na zote zimeelekea upande mmoja. Diski inayocheza ingeleta makosa yanayotofautiana, leo hivi kesho vile. Kosa lililo sawa mahali pote ni la mashine. Kwenye zirkonia, ambayo husinyaa karibu moja ya tano ikichomwa, ngazi hiyo inabaki kama mm 0.14, na hapo krauni imekwisha kuvuka ule mpaka wa mikroni 120.

Ningeweza kurekebisha senta mwenyewe, maana hesabu yake naijua. Lakini ukurasa wa marekebisho umefungwa kwa nywila ambayo anayo fundi wenu peke yake. Mmenifungia mlango kisha mnanilaumu kwa kutoingia.

Hadi leo nimepoteza krauni kumi na moja na diski tatu, na kliniki moja iliyonipa kazi kwa miaka minne imehamishia kazi zake kwingine. Risiti na orodha ya gharama nimeambatisha, pamoja na picha za fila geji na mapipa manne ya PMMA. La tano nimebaki nalo.

Naomba mtume fundi mwenye vifaa vya kupimia, aweke senta ya mhimili upya na aniachie vipimo vyake kwa maandishi, kabla na baada ya kurekebisha. Naomba pete mpya ambayo kiti chake kimepimwa mbele yangu. Naomba mnilipe diski na krauni zilizoharibika, na barua yenu ya tarehe 26 Mei iondolewe kwenye jalada langu, kwa sababu msiporekebisha rekodi hiyo kila kasoro ya baadaye itasemwa ni yangu. Nawapa siku 14 tangu mnapopokea barua hii. Zikipita bila jibu, malalamiko haya na viambatisho vyake nitayapeleka Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Tangu nifanye jaribio hilo sijaigusa mashine, na diski ya PMMA bado imo ndani ya pete kama nilivyoibana. Fundi wenu aje siku yoyote ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi. Fila geji nimemwomba jirani aniachie hadi atakapofika.

Wenu mteja,

Fundi meno na mmiliki wa maabara