Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo, Kaunti ya Nakuru: tupimiwe viazi kwa mizani

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Molo. Mimi ni mkulima wa viazi, na ninakuandikia kuhusu lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo lakini likalipiwa kama gunia moja.

Msimu uliopita niliuza magunia 40 kwa shilingi 1,500 kila moja. Wapakiaji wa dalali walijaza gunia hadi mdomoni, wakaliongezea kipande cha gunia jingine, wakarundika viazi juu na kukaza kwa kamba ya katani mpaka likaota kichwa. Moja nililisukuma kwa toroli hadi kwa jirani mwenye mizani. Kilo 94! Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Nilidhani nauza kilo kwa shilingi 30, kumbe nimeuza kwa 16. Kama yote 40 yalikuwa hivyo, ukijumlisha zile za ziada unapata kilo 1,760, yaani magunia 35 halali ambayo sikulipwa hata senti.

Tukilalamika tunaambiwa hili ni soko huria, kama hutaki usiuze. Nitakataaje? Shangi, aina ya viazi ambayo wengi wetu tunapanda, haikai. Wiki chache tu imeshachipua. Ghala la baridi sina, na karo inangoja. Dalali anayajua yote hayo.

Faida siichukii. Mtu anayetoa lori huku kwenye matope akalifikisha Nairobi alfajiri anastahili faida yake. Lakini bei ni mapatano, na watu hawawezi kupatana iwapo mmoja hajui anauza kiasi gani.

Kuna kijana aliwahi kuja na mizani ya kuning'iniza, akawa ananunua kwa kilo. Tulimpenda sana. Alidumu misimu miwili tu, kwa sababu huko sokoni wateja walitaka gunia kubwa kwa bei ileile, na wenzake walikuwa nalo. Hilo linaniuma kuliko kilo zangu. Aliyefanya haki ndiye aliyefunga biashara. Ndiyo maana siombi madalali wahubiriwe. Wapo wenye utu, ila soko lilivyo sasa linawaadhibu.

Ninaomba mizani iliyokaguliwa na afisa wa vipimo katika kila kituo cha kupakia, Molo, Elburgon, Kuresoi na Mau Narok. Ninaomba pia ushuru wa mazao utozwe kwa kilo, maana gunia la kilo 94 likilipiwa kama la 50, kaunti nayo imepunjwa. Na lori lenye lumbesa lishushwe mzigo palepale kwenye kizuizi cha barabarani, liwe la yeyote.

Viazi vyangu vitachimbwa mwezi ujao, wiki ya pili. Ukipata nafasi, Mheshimiwa, njoo mwenyewe usimame kando ya lori wakati gunia linashonwa.

Wako mwaminifu,
Mkulima wa viazi, Molo