Watoto wa Mahenge hawajarogwa

Ndugu Mhariri,

Huko Mahenge, mkoani Morogoro, mtoto huwekewa ugali mbele yake, na mara kichwa huanza kudondoka, kikiinuka na kuanguka tena. Huu ni ugonjwa wa kutikisa kichwa, aina ya kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall aliwaona watoto hawa tangu miaka ya 1960. Hadi leo wapo wanaosema wamerogwa, na kifafa kinawafanya watengwe hata na ndugu zao. Inaniuma sana.

Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba katika damu na maji ya uti wa mgongo ya baadhi ya wagonjwa walikuta kingamwili zinazoshambulia leiomodini-1, protini iliyomo kwenye ubongo wenyewe. Kingamwili hizo hunasa pia protini za minyoo wa usubi, ule ugonjwa wa upofu wa mtoni unaoenezwa na inzi weusi. Yaani kinga ikimwinda mnyoo, huenda ikamjeruhi mtoto. Tafiti nyingine hazikukuta hivyo kwa wote, lakini uhusiano na usubi uko wazi: kaskazini mwa Uganda, vidonge vya ivermektini, dawa ya minyoo hao, vilipoanza kugawiwa mara mbili kwa mwaka na mito ikapuliziwa dawa ya kuua inzi weusi, wagonjwa wapya walipungua mno.

Wazazi, msikatae vidonge hivyo. Nayo Serikali ihakikishe dawa za kifafa hazikosekani kwenye zahanati za vijijini.

Msomaji wako,
Morogoro