Safari ya Omani: tukubaliane mwezi

Assalaam alaykum wanakikundi.

Wengi mmeniuliza, tukafanye nini jangwani? Kweli Rasi ya Uarabuni ni kame. Jangwa la Rub' al Khali peke yake ni mchanga wa takriban kilomita za mraba 650,000. Lakini Salalah, kusini mwa Omani, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba ni nchi nyingine kabisa. Pepo za kusi, hizi hizi tunazozijua pwani, hupiga milima ya Dhofar. Ukungu hushuka, manyunyu hayakatiki, na ngamia hula majani mabichi kwenye vilima vya kijani. Ukivuka milima tu, ukavu unarudi, na huko ndiko iliko miti ya ubani. Gome hukwanguliwa kidogo, utomvu mweupe hutoka, huganda taratibu juani.

Nizwa, mji wa bara kaskazini mwa Omani, na soko lake la mbuzi la Ijumaa nalipenda sana, ila Agosti joto hupita nyuzi 40. Wenye wazee na watoto, kwa Nizwa tungoje Desemba.

Mimi nachagua Agosti, Salalah. Andikeni hapa chaguo lenu kabla ya Jumapili, na kila mtu aangalie pasipoti yake: ibaki na miezi sita au zaidi.