Barua kwa mwanangu anayetaka kufundisha sheria ya afya

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Zuhura,

Nyumbani wote wazima, bibi yako anakusalimu sana. Andiko lako la uzamili nimelisoma lote, mara mbili.

Kichwa ulichokiweka, haki ya afya Tanzania, ni kipana mno. Swali la kwanza utakaloulizwa mbele ya jopo ni hili: haki hiyo imeandikwa wapi? Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inataja maradhi na uzee, lakini ibara ya 7(2) imezuia mahakama kuyatilia nguvu masharti ya sehemu ile. Unabaki na ibara ya 14, haki ya kuishi, na 13(6)(a), haki ya kusikilizwa kikamilifu. Ujenzi wote wa hoja yako usimame juu ya hizo mbili. Jirani zetu Uganda walianzia kwenye ugumu kama huo. Shauri la CEHURD, asasi ya kutetea haki za afya huko, namba 16 la 2011, lilihusu vifo vya akina mama wakati wa kujifungua. Mahakama ya Katiba ililitupa 2012 ikisema ni suala la kisiasa, Mahakama ya Juu ikalirudisha 2015, hukumu ya ushindi ikatoka 2020. Zisome hukumu zote tatu kwa mfuatano, maana mafunzo yapo kwenye namna hoja ilivyobadilika njiani. Ukisoma ya mwisho peke yake utadhani mambo yalikuwa mepesi.

Sasa, ushauri wangu ni kwamba uanzie chini. Chukua karatasi moja: notisi ya kufunga duka la dawa muhimu. Ishike mkononi uisome kama fundi anavyokagua mshono. Imetaja sheria gani na kifungu gani? Aliyesaini ana cheo kile ambacho kifungu kimekitaja, au amekaimu bila kukasimiwa madaraka? Sababu zimeandikwa, au ni "kukiuka taratibu" tu? Mwenye duka alipewa nafasi ya kujieleza kabla, au kufuli lilitangulia? Na rufaa inakwenda kwa nani, ndani ya siku ngapi? Ukiyajibu hayo matano kwa notisi thelathini, una tasnifu. Usipoyajibu, una maoni.

Makosa mengi katika karatasi hizo hutokana na mamlaka kupakana. TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inaangalia dawa na vifaa hivyo. Baraza la Famasi linaangalia mtoa dawa na duka lake, kwa Sheria ya Famasi ya 2011. Chakula na vipodozi vilikuwa chini ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, mpaka 2019, vikahamia TBS, Shirika la Viwango, na TFDA yenyewe ikawa TMDA. Kwa hiyo notisi ya mgahawa inayonukuu mamlaka ya zamani ina ufa tangu mstari wa kwanza. Halafu usisahau kwamba afya si jambo la Muungano. Ukiandika "Tanzania" huku sheria zako zote ni za Bara, msomaji wa Zanzibar atakurudisha, na atakuwa na haki.

Katika sura ya pili umekosea jambo ambalo lingekuaibisha. Umeandika kwamba aliye chini ya miaka 18 hapimwi VVU bila idhini ya mzazi. Hiyo ni sheria ya 2008 kabla ya marekebisho ya 2019, yaliyoshusha umri hadi 15. Kila kifungu unachonukuu kihakiki upya kwenye Toleo la 2023 la sheria, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, kwa kuwa namba za vifungu huhama toleo likibadilika. Hukumu zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII. Kanuni ndizo zitakazokuchosha: tafuta namba ya Tangazo la Serikali na mwaka wake, usitegemee nakala iliyobandikwa ofisini.

Kwenye sura ya nafuu, yaani kile mahakama inachoweza kumpa aliyeonewa, tenganisha njia mbili. Maombi ya mapitio ya mahakama, ya kuiomba ichunguze uhalali wa uamuzi wa mamlaka, huanza na ruhusa, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na ruhusa ikitoka una siku 14 za kuleta maombi yenyewe. Kesi ya madai dhidi ya Serikali inadai notisi ya siku 90 kwanza. Mtu aliyeruka rufaa iliyomo ndani ya sheria husika anaweza kukataliwa mlangoni, hata kama dhuluma iko wazi kama jua.

Ukitaka kuwahoji wagonjwa au kufungua mafaili ya hospitali ya Ligula au ya Sokoine kule Lindi, kibali cha maadili ya utafiti kinatangulia, cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) au cha kamati ya chuo inayotambuliwa. Kisha barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ndipo ufike kwa mganga mfawidhi. Wanafunzi huanza na mfawidhi kwa sababu ndiye wanayemfahamu, naye hawezi kuwaruhusu, na muhula unakwisha. Tenga miezi mitatu kwa vibali peke yake. Ukibaki na notisi, kanuni na hukumu za wazi, mzigo huu unapungua sana. Mimi ningebaki huko kwa uzamili, nikawaacha wagonjwa hadi uzamivu.

Kuhusu ajira, matangazo mengi ya mhadhiri msaidizi hudai wastani wa 4.0 kati ya 5 kwenye uzamili, kwa hiyo masomo ya darasani usiyaachie kwa ajili ya tasnifu.

Nitumie ukurasa mmoja tu wenye kichwa kipya na swali lako, kabla hujagusa sura yoyote. Nitaurudisha siku hiyo hiyo.

Baba yako